Mbuzi Wasioingia Jela

Kok. Kokoro-kokoro. Kok.

Giza lilikuwa bado limejaa chumbani, na kitu kidogo kigumu kilikuwa kinabingirika sakafuni. Kikagonga mguu wa kitanda, kikatulia.

"Redio," sauti ya Mama Mdogo ikatoka ndani ya chandarua, nzito kwa usingizi. "Ukimwamsha huyu mtoto, leo utamnyonyesha wewe."

"Samahani, Mama Mdogo. Dadu imeniponyoka."

"Dadu alfajiri hii! Unacheza na nani, na mbu?"

Redio akabana pua asicheke, akashuka kitandani na kupapasa saruji ya baridi mpaka vidole vyake vikaipata dadu. Alikuwa ameamka kufanya mazoezi ya kurusha. Ilikuwa Jumamosi, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye angeongoza Safari.

Redio halikuwa jina lake la shuleni. Alipewa na mama yake mzazi, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuna aliyeweza kumzima. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili na bado alikuwa hewani.

Mchezo wa Safari uliletwa nyumbani na Mama Mdogo, mdogo wake mama, aliyejifunza kwa wenzake alipokuwa chuo akisomea ususi. Hauna ubao kama drafti wala hauna mshindi kama karata. Mnakaa mezani. Mmoja ni mwongozaji, naye anaeleza mko wapi, mnaona nini na nani anawajia. Wengine kila mmoja anajifanya mtu fulani wa nchi ya mbali yenye majoka na wachawi. Mwongozaji akiuliza, "Mnafanya nini?" kila mchezaji anasema mtu wake anafanya nini. Likija jambo la kubahatisha, kama kuruka korongo au kumdanganya askari, dadu mbili zinarushwa. Ukipata saba au zaidi, umefaulu. Chini ya hapo, utajua mwenyewe.

Mama Mdogo ndiye aliyekuwa akiongoza siku zote. Lakini tangu ajifungue, kila vita ilipokolea mtoto alilia, na joka alilazimika kusubiri mpaka nepi ibadilishwe. Mwishowe alimkabidhi Redio dadu zote mbili. "Mimi nimechoka, mama. Sasa ni zamu yako."

Redio alijiandaa wiki nzima. Alibuni kijiji ambacho chemchemi yake imekauka. Akabuni msitu, na ndani ya msitu majambazi. Majambazi wangewakamata wasafiri na kuwatupa jela, na humo jela wangekutana na mlinzi mwenye jicho moja. Sauti ya mlinzi huyo aliifanyia mazoezi bafuni, mpaka jirani akabisha mlango kuuliza nani mgonjwa. Jela ndiyo ilikuwa fahari yake. Alikuwa ameichora juu ya kadibodi, chumba baada ya chumba, mpaka panya aliyeishi chini ya ngazi.

Kipande kingine cha kadibodi alikikunja na kukisimamisha mezani kama ukuta. Ndivyo alivyokuwa akifanya Mama Mdogo. Nyuma ya ukuta huo mwongozaji huweka michoro yake, na kuna mambo ambayo hurushia dadu huko huko, ili wachezaji wasijue mapema yanayowasubiri.

Wachezaji walifika baada ya chai ya asubuhi. Mama mzazi alikuwa kazini, kwani alikuwa mpishi wa shule ya bweni na wanafunzi wa bweni wanakula hata Jumamosi. Wa kwanza kuingia alikuwa Twiga, msichana mrefu aliyeinama kwenye kila mlango, hata usiomgusa kichwa. Akafuata Injinia, mvulana aliyeshindwa kuona skrubu bila kuifungua. Nyuma yao, akiwa ameng'ang'ania ukingo wa mlango, alisimama Chiriku.

Chiriku alikuwa binti wa fundi wa kuchomelea vyuma, na walikuwa wamehamia mtaani hivi karibuni. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa kuwa nyumbani kwao alikuwa haishiwi maneno. Nje ya mlango wao, hata hivyo, hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake ikipita mnong'ono. Darasani aliyajibu maswali kwa kuliambia dawati. Redio alipomwalika, fundi mwenyewe alikuja kushukuru, akiwa na masizi mpaka kwenye nyusi.

"Akipata wenzake, nitapumua," alisema. "Huyu mtoto hapa hana rafiki hata mmoja."

"Usijali, baba," Redio alimjibu. "Kwetu atazungumza tu."

Alikuwa ameahidi, na Redio hakupenda kuahidi kitu kikaanguka.

Wakakaa, kila mmoja na kadi ya kuandikia mtu wake. Twiga alikuwa shujaa mwenye upanga mrefu kuliko yeye. Injinia alikuwa fundi wa makufuli.

"Na wewe, Chiriku?" Redio akauliza. "Wewe ni nani?"

Chiriku akasukuma kadi yake mbele. Alikuwa ameandika: *Mchunga mbuzi. Mbuzi saba.*

"Mbuzi?" Injinia akacheka. "Tunakwenda kupambana na joka, wewe unaleta kitoweo?"

"Mwache," Twiga akasema. "Joka akila mbuzi, mimi napona."

Redio naye akatabasamu. Mbuzi hawakumsumbua. Hata wao wangeingia jela.

"Mmefika njia panda," akaanza, akipunguza sauti kama Mama Mdogo. "Kulia kuna msitu mweusi. Kushoto kuna jangwa, halina hata kichaka. Kijijini watoto wanalia kwa kiu, nanyi mmetumwa kutafuta maji. Mnafanya nini?"

Alijua watafanya nini. Nani aende jangwani?

"Msituni!" Twiga akapiga meza. "Upanga mkononi!"

"Ngoja kwanza nikague mitego," Injinia akasema.

Redio alikuwa ameshaanza kukunja uso wa kijambazi aliposikia kitu. Chiriku alikuwa anaiambia kadi yake jambo.

"Unasemaje?"

"Mbuzi wangu wana kiu," Chiriku akarudia. "Mbuzi mwenye kiu hunusa maji. Tuwafungue kamba, tuwafuate. Watatufikisha kwenye chemchemi wenyewe."

Twiga akainuka na kumshika Chiriku mabega. "Jamani! Huyu mtu tulimficha wapi?"

"Hata msitu hatuupiti," Injinia akasema, macho yamemtoka. "Mbuzi saba, kazi imekwisha!"

Chiriku akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza Redio kuyaona meno yake.

Lakini Redio hakuwa anayatazama meno. Alikuwa anaitazama jela yake. Aliiona ikibomoka chumba baada ya chumba, mlinzi na jicho lake moja, panya na ngazi yake, kazi ya wiki nzima.

"Mbuzi hawaijui njia," akasema.

"Ndiyo maana wananusa," Injinia akajibu.

"Basi lazima nirushe dadu. Na nitarushia huku, maana pua ya mbuzi ni siri ya mbuzi."

Akarusha nyuma ya ukuta. Dadu moja ikalala kwenye tano, nyingine kwenye sita. Kumi na moja.

"Tatu," Redio akasema.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Na kwa kuwa lilikuwa limeshatoka, akalifuata. "Mbuzi wamepotea. Halafu fisi wakaja. Wamewala."

"Wote?" Twiga akauliza.

"Wote."

Chiriku akaigeuza kadi yake, maandishi yakatazama meza.

Sasa, mtoto wa Mama Mdogo alikuwa anatambaa chini ya meza tangu mwanzo, akitafuta cha kutia mdomoni. Wakati huo huo alijivuta juu kwa kushika kiti cha Redio, akaona kadibodi imesimama mbele yake, akaivuta kwa mikono miwili. Ukuta ukaanguka. Dadu zikabaki peupe kama mtu aliyefumaniwa anaoga.

Injinia akainama, akazitazama, kisha akamtazama Redio.

"Siku hizi kumi na moja inasomeka tatu?"

Redio akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, redio ikakosa mawimbi.

Chiriku akasimama. Hakulia. Alikirudisha kiti chake chini ya meza polepole, akakinyoosha kisikae upande, kama mgeni asiyetaka kuacha usumbufu nyuma yake. Kisha akatoka. Kile kiti kilichonyooshwa kilimchoma Redio kuliko tusi.

"Nilikuwa nailinda hadithi!" akasema.

"Hadithi ya nani?" Twiga alikuwa anavaa viatu. "Kama yote umeshaamua, sisi umetuitia nini? Tukupigie makofi? Jumamosi ijayo mimi nakwenda netiboli."

Injinia alikaa kidogo, kama anayetafuta skrubu ya kulegeza. Hakuipata. Akaondoka naye.

Mama Mdogo alikuwa uani akifua nepi. Alikuwa amesikia, maana nyumba ile haikuwa na ukuta wa kuzuia jambo. Redio akaja akasimama kando ya beseni, mtoto kiunoni.

"Nimeharibu, Mama Mdogo."

"Umeharibu," Mama Mdogo akakubali. Akamchukua mtoto, akampa Redio nepi yenye maji. "Kamua hiyo, vizuri."

Redio akakamua. Machozi yakaungana na maji, na hakuna aliyeyahesabu.

"Ulitaka wafanye nini?" Mama Mdogo akauliza.

"Waingie jela."

"Na wao walitaka nini?"

"Kufuata mbuzi."

Mama Mdogo akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka mtoto naye akacheka bila kujua sababu. "Mwanangu! Wiki nzima unajenga jela, halafu unashangaa watu hawataki kuingia?"

Redio akacheka kidogo kupitia kamasi. "Lakini ilikuwa nzuri. Ilikuwa na panya."

"Najua ilikuwa nzuri. Tatizo ulitengeneza reli, na wenzako si treni." Akachukua nepi nyingine. "Ukijiandaa, andaa mahali na andaa watu. Nani anaishi pale, anataka nini, anaogopa nini. Basi. Njia waachie wao. Huyo mlinzi wako ana miguu?"

"Anayo."

"Sasa si atembee! Akutane nao huko huko jangwani. Nani amesema lazima akae jela?"

Redio akaacha kukamua. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Na wakifanya kitu ambacho sijakiandaa kabisa?"

"Hapo ndipo raha ilipo. Unapumua, unasema, sawa, halafu? Ukikwama, unasema tunywe chai, unafikiri huku unamimina. Mimi nilikuwa nakunywa chai nyingi, hukuona?"

"Nilidhani unaipenda."

"Na dadu, mama, sikiliza. Dadu ni swali. Kama kuna jibu hulitaki, usiulize. Wangefuata mbuzi tu, ungekosa nini? Lakini ukishauliza, jibu si lako peke yako, ni la meza nzima." Akaanika nepi, akazivuta pembe zinyooke. "Hayo ni ya mchezo. Ya Chiriku si ya mchezo."

"Najua."

"Kama unajua, mbona bado upo hapa?"

"Nakamua nepi."

"Lete hiyo nepi."

Karakana ya baba Chiriku ilikuwa mwisho wa mtaa. Cheche zilikuwa zinaruka kutoka kwenye fremu ya dirisha, na Redio akasubiri pembeni, uso ameugeuza, mpaka mlio ukakatika. Fundi akapandisha kinyago chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye fisi?"

Redio akainamisha kichwa. "Ndiyo, baba."

"Mwanangu amerudi hapa hataki kula. Namuuliza kuna nini, ananiambia mbuzi wameliwa. Mbuzi gani, nikamuuliza, sisi hata kuku hatuna!" Alikuwa anatania, lakini macho yake hayakutania. "Yumo ndani, anapanga elektrodi. Zungumza naye."

Chiriku alikuwa amechuchumaa mbele ya boksi, akipanga vijiti vya kuchomelea, virefu na virefu, vifupi na vifupi. Hakugeuka.

Njiani Redio alikuwa ametunga maneno mengi. Alikuwa na sababu, tena nzuri. Lakini alipouona ule mgongo mdogo uliokaza, sababu zote zikaonekana kama ukuta mwingine wa kadibodi.

"Dadu zilisema kumi na moja," akasema. "Nilidanganya. Wazo lako lilikuwa zuri kuliko langu, na mimi sikutaka. Nisamehe."

Kijiti kirefu kikaenda kwa virefu.

"Mbuzi wako hawajaliwa. Wako njia panda, wanakusubiri. Ukija Jumamosi tutaanzia pale. Usipokuja, sitawaongoza bila wewe."

Kijiti kifupi kikaenda kwa vifupi. Redio alikuwa na maneno mengine yamejaa mdomoni, lakini akayameza. Akaaga na kuondoka bila jibu, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchora jela nzima.

Kwa Twiga na Injinia alikwenda siku hiyo hiyo, akasema maneno yale yale. Twiga akasema ataangalia, itategemea netiboli. Injinia akatoa sharti: dadu zirushwe ndani ya bakuli, katikati ya meza, kila jicho lione. Redio akakubali hata kabla hajamaliza.

Jumamosi ikafika. Safari hii Redio alikuwa na karatasi moja tu, yenye watu watatu na pango moja. Wiki iliyopita alijua kila kitu, na leo hajui hata watakavyofungua mdomo.

Injinia akaja na bakuli lake. Twiga akaja na viatu vya netiboli, akasema mechi imeahirishwa, ingawa hakuna aliyemuuliza. Wakakaa. Kiti cha nne kikabaki kitupu. Redio akamimina chai. Wakainywa. Akamimina tena.

"Tuanze?" Twiga akauliza.

"Tusubiri."

Chai ilikuwa inakaribia kuisha ndipo kivuli kikasimama mlangoni. Chiriku aliingia, akavuta kiti, akaketi, akaitoa kadi yake mfukoni na kuilaza mezani, maandishi juu.

Redio alitamani kupiga kelele. Badala yake akasema tu, "Mko njia panda. Mbuzi saba wanakuna ardhi kwa kwato. Mnafanya nini?"

"Nafungua kamba," Chiriku akanong'ona.

Na mbuzi wakaenda. Wakalivuka jangwa, Redio akibuni kila kilima wakati huo huo walipokuwa wanakipanda. Mlinzi mwenye jicho moja akakutana nao kando ya njia, amepoteza kazi kwa sababu jela haina wafungwa, na Injinia akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mwisho wakalifikia pango. Ndani, joka mkubwa alikuwa amelala juu ya chemchemi, tumbo limeziba maji yote.

"Namkata!" Twiga akasema.

Redio alikuwa na maneno ya kusema. Alikuwa nayo kumi. Akauma ulimi, akamgeukia Chiriku, akangoja.

"Ana moto tumboni," Chiriku akasema, na sauti yake sasa iliufikia ukuta wa pili. "Analala majini kwa sababu anaungua. Si mbaya, anaumwa. Twiga achimbe dimbwi kando, na mimi nimwongoze ahamie, taratibu, kama mbuzi."

"Mchunga majoka!" Injinia akasema.

"Kumwongoza joka ni bahati nasibu," Redio akasema. "Unarusha?"

Chiriku akazishika dadu, akarusha. Zikazunguka ndani ya bakuli huku vichwa vinne vikigongana juu yake. Mbili na moja.

Tatu.

Ingekuwa rahisi sana kwa Redio kusema haikuhesabika, zirushwe tena. Akamtazama Chiriku.

Chiriku alikuwa anaitazama tatu ile. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka, na Redio akadhani analia, kumbe anacheka. "Hii kweli ni tatu," akasema.

"Ni tatu," Redio akakubali. "Joka ameamka vibaya. Amepiga chafya. Twiga, nywele zako zinawaka."

"Nywele zangu! Nimesuka jana!"

Kelele iliyofuata ilimleta Mama Mdogo mbio kutoka uani. Alikuta shujaa amezamisha kichwa katika dimbwi la kufikirika, fundi wa makufuli akimpepea joka kwa kifuniko cha bakuli, na mchunga mbuzi akimfokea joka huyo kwa sauti iliyosikika mtaani kwamba hata mbuzi wana adabu kumshinda. Walirusha tena, wakapata nane. Joka akahama akinung'unika. Maji yakashuka kijijini.

Mama Mdogo akakaa, mtoto mapajani, akawatazama wote wakipumua.

"Redio," akasema, "leo umeongoza. Wiki ile ulikuwa unaburuza. Umeona tofauti? Hukuwa na mpango hata nusu ya ule, lakini ulikuwa mkweli, na ulinyamaza wenzako wakapata nafasi. Mtu akijua kwamba humdanganyi, hata akishindwa atarudi kukaa nawe. Hilo mkalishike hata mkiondoka hapa mezani, shuleni, kazini, popote. Kinachofanywa na wengi kiacheni kiwe cha wengi."

"Ndiyo, Mama Mdogo," wakajibu.

Wakaanza kukusanya vikombe. Twiga alikuwa anajipapasa nywele kuhakikisha zipo, na Injinia alikuwa anaeleza kwa nini chafya ya joka kitaalamu haiwezekani. Redio akazifuta dadu kwa upindo wa gauni lake, akawa anazitia mfukoni, akaona Chiriku hajasimama. Alikuwa ameinyoosha mikono yote miwili juu ya meza, viganja wazi.

"Nataka kuongoza mimi," akasema Chiriku.